Mtini wa Mama Ulikuwa Umelala Tu

Satellite, Riruta,
Nairobi.
15 Oktoba 2006.

Mpendwa ndugu yangu Norman,

Salamu kwanza, kwa sababu tulilelewa hivyo, na hata mtu akiwa na hasira za kupasua kifua haingii kwa mwenzake bila kubisha hodi. Hujambo? Everlyn hajambo? Nasikia Wanjira mdogo ameanza shule; je, amezoea, au bado analia mlangoni? Na ule mgongo uliokusumbua tangu wakupeleke kufanya kazi kwenye ghala, umepata nafuu? Naomba Mungu uwe umepata nafuu, maana nataka uisome barua hii umeketi vizuri, pasiwe na kitu kinachokuuma isipokuwa hiki ninachokuandikia.

Huku sisi ni wazima. Jicho la Mama la kulia limepona vizuri. Juzi alisoma maandishi ya kwenye mfuko wa unga bila kumuuliza mtu, akayasoma yote mpaka jina la mwenye kinu. La kushoto daktari anasema litafanywa mwakani. Ulisaidia katika mambo ya hospitali na nakushukuru, na nimelitaja hilo mapema ili usije ukasema sikulitaja.

Umeona nimeandika Kiswahili. Sijasahau lugha yetu. Nimeandika Kiswahili makusudi ili Everlyn naye asome, kwa sababu nakujua, ukiisoma peke yako utaikunja uitie mfukoni na mambo yaishie hapo. Wifi yangu Everlyn, kama umefika hapa, tafadhali kaa naye mpaka mwisho. Asiinuke hata kwenda kunywa maji.

Wala sikupiga simu, kwa sababu kwenye simu una ujanja. Nikipandisha sauti unaniuliza habari za paka. Nikikubana unasema laini ni mbaya. Karatasi haina laini mbaya, Norman, na haiishiwi salio katikati ya neno.

Mti haukuwa umekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mtini wa Mama, ule ulioamuru ukatwe, ulikuwa mzima kabisa. Ulikuwa umelala tu, na aliyeulaza ni Mama mwenyewe.

Nakukumbusha ulikotoka mti huo, kwa maana naona umesahau. Ulikuja kumzika Baba mwaka wa tisini na tisa, ukaja na kijiti kimefungwa kwenye gazeti bichi, gazeti ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, ili watu wa uwanja wa ndege wasikione. Mama alidhani ni dawa. Ukamwambia ni mtini, umekatiwa na yule mzee Mwitaliano jirani yako, na kwamba kwao ni tunda la heshima. Mkaupanda wawili ninyi kando ya ukuta wa jikoni, pale yanapopita maji ya kufulia. Wiki nzima ile ya matanga hilo ndilo jambo pekee nililowaona mkilifanya bila kulia. Ulimwambia, "Huu ni wako peke yako, Mama, usimpe mtu." Yeye akalishika neno hilo kama sheria. Kisha wewe ukarudi zako ng'ambo, Jersey, sisi tukabaki na mti.

Na mti ukakua. Loo, ulikua! Majani mapana, ya kijani, mwaka mzima, masika na kiangazi, haujui Januari wala Julai. Majirani wakipita wanausifu. Lakini tini zenyewe, moja leo tawi hili, nyingine baada ya miezi tawi lile, ngumu kama kokoto, nazo zinaanguka kabla ya kuiva. Nilikuuliza, ukanijibu kama profesa kwamba mti huo unahitaji baridi kali, ukipigwa na baridi unapukutisha majani, unalala, na ukiamka ndipo unazaa. Nikakuuliza, baridi gani ya Riruta? Hii yetu ya mwezi wa saba inatosha kuvaa sweta na kulalamika, lakini hakuna mti inaoutoa jani. Ukacheka ukasema basi tungoje mpaka dunia igeuke.

Mama hakucheka. Mama aliuonea mti huruma. Alisema kiumbe kinachofanya kazi bila siku ya kupumzika kitapata wapi nguvu ya kuzaa?

Halafu ikaja ile mvua ya mawe iliyotoboa mabati ya kanisa. Mti ulibaki kama umechunwa. Mama aliuzunguka akisikitika, akasema basi, umekwisha. Baada ya wiki chache ukachipuka, na kwenye kwapa la kila jani jipya pakawa na tini changa. Hazikuanguka. Ziliiva karibu wakati mmoja, za zambarau, laini, mpaka nyingine zilipasuka zenyewe na kutoa asali. Unakumbuka nilikupigia simu kukueleza? Ulisema umefurahi, kisha ukaniuliza bei ya saruji.

Hapo ndipo Mama alipokumbuka kahawa. Unajua alichuma kahawa kwenye mashamba ya Kiambu tangu usichana wake. Akasema mkahawa hautoi maua mpaka uone kiu; ukikauka kwanza, halafu mvua ikanyesha, unageuka mweupe shamba zima. Labda na huyu mgeni wetu anataka vivyo hivyo, alisema, aone kiu kwanza na avuliwe majani, kwa kuwa huku hakuna wa kumvua.

Tukajaribu, na mara ya kwanza tukakosea. Tulimvua mwezi wa nne, katikati ya masika, na mti ukarudisha majani yote upesi kama unatudharau. Mwaka uliofuata tukawa na akili kidogo. Mwezi wa sita tulichimba kimfereji, maji ya kufulia yakaelekea kwingine. Tukafunika shina kwa mabati makuukuu ili manyunyu yasiingie. Ilipofika mwisho wa baridi majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano yenyewe, na yale yaliyokaidi tukayatoa kwa mkono, moja moja, tukapunguza na ncha za matawi. Ule utomvu mweupe unawasha, Norman, wewe hujawahi kuushika. Mama hujipaka mafuta ya kupikia mikononi na kuvaa koti la mvua la Baba. Mimi nilienda kazini Westlands mikono imejaa vipele mpaka kwenye kiwiko, daktari wa meno ninayemsaidia kliniki akaniambia nisiguse wagonjwa.

Mwezi wote wa nane mti ukakaa uchi. Hakuna ruhusa ya kumwaga hata maji ya kusuuzia kikombe. Septemba Mama akatia samadi ya mbuzi wa jirani yetu Kavata, akaurudishia maji, vuli ikapokea kazi, na Krismasi tukala tini. Kila mwaka tangu hapo imekuwa hivyo. Mama anaita kuulaza mtini. Mtaa mzima unajua. Ukipita Agosti utasikia watu wakiambiana, Mama Waithera ameshaulaza mti wake, mwaka umeisha huo.

Sijui kama unaelewa kazi hiyo ni nini kwake. Mama hana shamba tena. Kila kitu alichokuwa nacho kimegeuka vyumba vya kupangisha, na amekubali, kwa sababu tulisoma kwa hivyo vyumba. Pale kando ya jikoni ndipo mahali pekee alipobaki kuwa mkulima. Tini zikikaribia kuiva anazivalisha vipande vya stokingi zangu zilizotoboka, moja moja, ndege wasizidonoe. Akina mama wa kwaya wanakuja kumcheka kwamba mti wake umevaa kuliko wao. Nilimpelekea Bi Shah, mwenye kliniki yetu, tini sita kwenye bakuli. Alifunga mlango akazila amesimama, akanihadithia nyumba ya nyanya yake mpaka mgonjwa akabisha. Tangu hapo ikifika Novemba ananiuliza habari za Mama, lakini macho yake yanauliza habari za mti.

Yote hayo nilikueleza. Si mara moja. Ulicheka, "Mnauvua nguo mti?" Kwa hiyo usiniambie hukujua. Uliambiwa ukafanya mzaha, na maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Sasa tuje kwa hivyo vyumba vyako. Mwaka jana ulitaka kuongeza viwili upande wa jikoni, na Mama alikujibu mbele yetu sote, simu ikiwa mezani, kwamba pale pana mti, na mti ukiwapo hapajengwi. Siku mti utakapokuwa haupo, alisema, jengeni mnavyotaka. Ukasema sawa Mama. Nililisikia kwa masikio yangu hilo sawa Mama.

Mwezi wa nane Thuo akaupiga mti picha kwa ile kamera uliyomletea. Thuo ni binamu yetu, Everlyn, ndiye anayetusimamia wapangaji. Moyo wake si mbaya, ila hajawahi kumwambia Norman hapana tangu wakiwa watoto. Akaenda kwenye intaneti, saiba ya pale Naivasha Road, akakutumia picha. Nimeiona hiyo picha, alinionyesha mwenyewe. Mti wa kijivu, vijiti vitupu, hakuna jani hata la kudanganyia.

Na wewe ukaitazama huko ulikokuwa umevaa fulana unatokwa jasho, mtini wa yule mzee umejaa majani na matunda mpaka unaangukia uani kwako. Kwa mtu wa huko, mtini usio na majani mwezi wa nane ni kuni. Naelewa. Nimelifikiria jambo hili sana, na nimekutafutia kila udhuru ambao dada anaweza kumtafutia ndugu yake. Agosti yenu si Agosti yetu. Umekaa huko miaka mingi mpaka unadhani jua linafuata kalenda yako. Mtu yeyote angeweza kukosea hapo, na kama ungekosea ukauliza, leo tungekuwa tunacheka.

Hukuuliza. Hilo ndilo linalonichemsha damu. Hukumpigia Mama. Hukunipigia mimi. Neno moja tu, "Waithera, mti umekufa?" ningekujibu kabla hujamaliza: umelala. Badala yake ukampigia Thuo, kwa sababu ulijua Thuo hatakuuliza kitu. Ulitaka kusikia umekufa, Norman. Sisemi ulipanga. Nasema ulipenda kuamini, kwa sababu ulikuwa na ramani ya vyumba mfukoni.

Na ulichagua siku! Siku ile ile niliyompeleka Mama hospitali ya macho. Yeye amelala amefunikwa jicho, mimi nimekaa kwenye benchi namwombea, na huku nyumbani fundi Obuya anawasha msumeno wa mashine. Obuya simlaumu. Nilimkuta baadaye langoni, akavua kofia, akaniambia, "Madam, mimi hiyo mti nilishangaa. Ilikuwa inatoa maziwa. Nikaambia Thuo, boss, hii kitu iko hai. Akasema ni order ya mwenyewe."

Mwenyewe! Nimelitafuna neno hilo tangu siku ile na bado halijamezeka. Wewe ndiye mwenyewe? Uliumwagilia maji mara ngapi? Umewahi kuwashwa na utomvu wake hata kidole kimoja?

Waliung'oa na mizizi. Niliporudi jioni kufuata nguo za Mama nilikuta msingi umechimbwa na kokoto zimeshamwagwa. Matawi yalipakiwa kwenye lori pamoja na udongo, hakuna anayejua lilikwenda kumwaga wapi. Nilitafuta kijiti, Norman. Nilipekua mferejini, nikapekua nyuma ya choo cha wapangaji, nikamwuliza mpaka mama anayechoma mahindi pale nje kama ameokota kuni. Hata kijiti cha urefu wa kidole sikupata. Na hakuna jirani mwenye mche wake, kwa sababu wewe ulisema asimpe mtu.

Mama akarudi amefungwa bandeji. Nilimshika mkono mmoja kumwongoza. Tulipofika kwenye kile kidato cha mlango wa jikoni akanyoosha mkono wa pili kushika shina, kama anavyofanya siku zote akipanda. Mkono ukapita hewani. Angeanguka kama nisingekuwa nimemshika.

Akauliza, "Mti uko wapi?" Nilikuwa nimejiambia njiani nitamweleza polepole, akishakaa, akishakunywa chai. Thuo alikuwa amesimama pale, na kwa woga wake akarukia, "Ulikauka, Anti. Ilibidi ikatwe."

Mama akasema, "Basi niliulaza vibaya." Akaomba nimpeleke kitandani.

Daktari alikuwa ametuonya asilie, asiiname, asipandishwe presha. Kwa hiyo mbele yake sikupiga kelele. Nilimtoa Thuo mpaka langoni, na huko nilipiga kelele za mwaka mzima mpaka wapangaji wakatoka nje. "Waithera, usinimalize bure," akasema. "Norman aliona picha akasema hiyo imeisha. Akasema ikatwe haraka mathe akiwa hospitali, ndio asione akasikia vibaya." Kumbe ilikuwa huruma! Ulimwonea huruma Mama, ukamfichia msiba ambao haukuwapo mpaka wewe ulipouleta.

Sasa nikueleze umemfanya nini, kwa sababu hilo Thuo hawezi kukuandikia kwenye barua pepe. Mwaka huu alipokuwa akiuvua majani, jicho lile lilikuwa limeshafifia sana. Nilimwambia aniachie mimi, akakataa, akasema vidole vyake vinajua. Basi sasa anaamini kwamba hakuona vizuri, akakata pasipokatwa. Anakaa jikoni anajihoji. Labda nilifunga maji mapema. Labda yale mafuta ya mikononi yalikuwa na chumvi. Labda niliumenya gome bila kujua. Anainyoosha mikono anaitazama, na hilo jicho jipya, ambalo tulimshukuru Mungu kwa ajili yake, analitumia kujitafutia makosa.

Nilimwambia, Mama, mti ule haukuwa umekufa. Akanijibu, "Unanifariji, mwanangu. Asante." Nikamwapia. Akasema nisiape.

Utaniuliza kwa nini sijamwambia ni nani. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza bandeji ilikuwa haijatoka, nikaogopa jicho. Mara ya pili nilikuwa nimeshafungua kinywa, Kavata akaingia, na Mama akaanza kumsimulia jinsi Norman wake alivyokileta kile kijiti ndani ya kiatu, akapita nacho mbele ya askari akichechemea. Akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu atoke hospitali. Nikafunga kinywa changu, na nikakukasirikia zaidi kwa kunifanya nikifunge. Mimi si mtu wa kukufulia aibu yako, Norman. Nimekufulia nguo ulipokuwa mdogo, inatosha.

Vyumba vyako vimefika kwenye madirisha. Obuya anajenga vizuri, sina neno. Mama hapiti tena upande ule. Akishafua anabeba karai la maji analizungusha nyumba nzima kwenda kulimwaga langoni, mzee wa umri wake, na ukimpokea anakataa. Hataki maji yapite pale. Wapangaji wanadhani ni mambo ya uzee.

Kwa hiyo usinitumie kitu. Usitume pesa za mche. Nimeona miche ya mitini kwa wale wauza maua wa barabarani, iko kwenye mikebe, ningeweza kuinunua mwenyewe kesho nikitoka kazini, na nisingekuwa nimetengeneza chochote. Wala sikuambii ubomoe ukuta. Nataka jambo moja. Umpigie Mama wewe mwenyewe, umwambie, "Mama, mti ulikuwa mzima. Ni mimi niliyeukata, na sikukuuliza." Basi. Usipitie kwa Thuo. Usimpe Everlyn simu akuanzie. Usiseme mti ulionekana, wala usiseme kulikuwa na kutoelewana. Sema ni mimi. Wewe ni mtu mzima na una mtoto uliyempa jina la huyo mama.

Ukisita, fikiria hivi: yeye anakungoja wewe. Na sasa nafika kwenye kazi niliyotumwa, maana kusema kweli barua hii si yangu. Mama ndiye aliyenituma niandike.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa aliniita, akaniambia nilete kalamu. Nilidhani anataka kukuandikia habari za jicho. Alikuwa amejipanga, naona alikuwa amelala na neno lake siku nyingi. Alisema kwa lugha yetu, nami nimeligeuza Kiswahili bila kupunguza wala kuongeza:

"Mwambie Norman kwamba mti wake nimeuua mimi. Nilikuwa sioni vizuri na sikutaka kusema kwamba sioni. Mwambie asinikasirikie sana. Alitoka nao mbali. Akipata nafasi ya kuja, amwombe yule mzee kijiti kingine, hata kikiwa kidogo, na safari hii sitaugusa hata jani moja. Uzae usizae, nitautazama tu."

Nilikuwa nimeinama juu ya karatasi ili asione uso wangu. Akaniuliza kama nimeandika pale pa kusema asinikasirikie. Nikasema nimeandika. Karatasi ile niliichana nilipofika chumbani, nikaanza hii, ambayo imenichukua wiki nzima. Yaliyo ya Mama ni hayo machache uliyosoma sasa hivi. Mengine yote ni yangu na sirudishi hata moja. Yeye anadhani nimeshaituma; kila nikirudi kutoka kazini ananiuliza kama barua imeshafika huko, na kama ulisema chochote.

Nifunge sasa, mkono umechoka. Kavata anakusalimu, anasema mbuzi wake wamekosa pa kupeleka samadi. Mwihaki dada yetu na watoto wake wanawasalimu wote, hasa Wanjira mdogo. Akina mama wa kwaya wanakusalimu. Hata Thuo anakusalimu, ingawa nilimwambia azipeleke salamu zake kwa barua pepe. Mbusu mtoto, na umshike Everlyn mkono kwa ajili yangu kwa kunisomea mpaka hapa. Mungu awakinge na hiyo baridi inayowajia, awape nyumba yenye joto na usingizi wa watu wasio na kinyongo.

Mama hakutuma salamu. Nilimwuliza nikuandikie nini mwishoni, akasema tungoje kwanza, tujue kama umemsamehe.

Dada yako akupendaye hata akiwa hivi,

Waithera